Mvuke wa Petroli na Pipa Tupu



Mwalimu mmoja wa upande wa Kisawasawa ametuuliza maneno mawili, nasi twaona yafaa yajibiwe mbele ya wote. La kwanza ni hili: petroli ikimwagika njiani, wala hapana moto karibu, hatari yenyewe iko wapi? Na la pili: fundi mmoja wa chuma alitaka kulikata pipa la petroli lililokuwa tupu tangu siku nyingi, apate bati la kutengenezea majiko; wazee wakamzuia. Je, wazee walikuwa na haki, au ilikuwa hofu tu ya watu wasiojua kazi ya ufundi?

Twajibu mara moja ya kwamba wazee walikuwa na haki kabisa. Lakini jibu lisilo na sababu halikai moyoni mwa mtu. Atalisikia leo, na kesho atakapolihitaji pipa atalisahau. Kwa hiyo twataka kueleza sababu polepole, nanyi walimu mtaweza kuwaeleza wengine. Mtakuta mwishoni ya kuwa maneno haya mawili ni neno moja.

Tuanze na Msamvu. Kila mtu wa bonde la Kilombero aliyepata kusafiri kwa basi apajua Msamvu, maana ndipo penye stendi kubwa ya mji wa Morogoro, na wasafiri wetu wengi hupita pale waendapo Dar es Salaam na warudipo. Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lori lililochukua petroli lilianguka mahali pale. Ilikuwa karibu na sikukuu ya Idi. Petroli ikaanza kumwagika. Watu wakakusanyika, wengine kwa kutazama tu, wengine kwa kuchota, wakaja na madumu na ndoo. Waendesha pikipiki nao wakaja na pikipiki zao. Kwa muda hapakuwa na moto wo wote. Kisha moto ukawaka kwa ghafula, ukawafunika wote waliokuwapo. Waliokufa walizidi 100, wengine palepale, wengine baada ya siku na majuma ya maumivu hospitalini, huko Morogoro na Muhimbili. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa.

Wako waliosema ya kuwa chanzo kilikuwa mtu aliyejaribu kuing'oa betri ya lori. Wengine walitaja sigara. Kwetu sisi si jambo kubwa kujua ni cheche ipi, maana mahali palipokusanyika watu wengi namna ile, na pikipiki, na simu, na viberiti mifukoni, cheche haikosekani. Twataka msomaji aangalie jambo moja tu katika habari hii, nalo ni ule muda usiokuwa na moto. Watu waliitazama petroli ikitiririka kama maji. Hawakuona moshi wala mwali. Walidhani hatari itakuja pamoja na moto, na ya kwamba watakapouona moto watapata nafasi ya kukimbia. Kumbe hatari ilikuwa imekwisha kuwazunguka, wamesimama ndani yake, wanaivuta puani.

Msamvu si peke yake. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo katika nchi ya Kenya, lori la petroli lilianguka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya mia moja. Tarehe 2 Julai 2010, katika kijiji cha Sange mashariki ya Kongo, lori la mafuta lilianguka jioni. Moto wake uliwaua watu zaidi ya 200, na miongoni mwao wamo wengi ambao hawakuchota hata tone, bali walikuwa wamekaa katika nyumba za karibu wakitazama mchezo wa mpira wa Kombe la Dunia. Habari ni ileile, mahali ndipo panapobadilika.

Baada ya misiba hiyo watu wengi walisema na kuandika juu ya tamaa ya waliochota. Sisi hatupendi kuwahukumu wafu, wala hatuamini ya kuwa tamaa peke yake yatosha kueleza. Mtu ambaye lita moja ya petroli humtoa jasho la siku nzima, akiiona inamwagika bure mtaroni, moyo wake wamwambia kuwa ni kosa kuiacha ipotee. Laiti mvuke wa petroli ungeonekana mweusi kama moshi wa tanuru, twaamini wengi wa watu wale wangalikimbia. Walikosa kuona. Basi somo hili ni la kuwafanya watu waone kwa akili kitu ambacho jicho haliwezi kukiona.

Sasa sikilizeni. Petroli yenyewe, ile iliyo majimaji, haiwaki. Neno hili huwashangaza watu, lakini ndivyo ilivyo. Kinachowaka ni mvuke wake, uliochanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wakati wote, usiku na mchana. Hata ikipozwa ikawa baridi kupita barafu, kufika digrii 40 chini ya sifuri, yatoa mvuke wa kutosha kuwaka. Katika bonde letu lenye joto hatuna saa hata moja ambayo petroli iliyo wazi haitoi mvuke wa hatari. Mafuta ya taa si hivyo. Hayo hayatoi mvuke wa kutosha mpaka yapate joto la digrii 38 hivi, na dizeli mpaka ifike digrii 52 au zaidi. Ndiyo sababu dizeli ya mashine ya kukoboa mpunga ni pole kuliko petroli ya pikipiki. Lakini pipa jeusi lililoachwa juani mchana kutwa laweza kuipita digrii 38 bila shida, na hapo mafuta ya taa yaacha upole wake.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe, nalo ni kipimo. Mvuke ukiwa kidogo mno katika hewa, hauwaki. Ukiwa mwingi mno, pia hauwaki, kwa kuwa moto wahitaji hewa, na hewa imesukumwa nje na mvuke. Katikati ya vipimo hivyo viwili ndipo unapowaka. Mpishi ataelewa upesi: chumvi kidogo mno haionjeki, na chumvi nyingi mno hailiki, iko nafasi katikati. Wataalamu wamepima nafasi hiyo kwa kila gesi na kila mvuke, wakaita mwanzo wake mpaka wa chini, na mwisho wake mpaka wa juu.

Tuchukue mfano wa vibaba. Fikirini chumba chenye vibaba 100 vya hewa na mvuke pamoja. Kama ndani yake mvuke wa petroli haujafika kibaba kimoja na robo, cheche haitawasha kitu. Ukifika 1.4, yaani kibaba kimoja na karibu nusu, chumba chote kiko tayari kulipuka. Chakaa katika hali hiyo mpaka mvuke uwe vibaba 7.6. Ukizidi hapo, cheche haiwashi tena, mpaka hewa nyingine iingie. Angalieni jinsi mpaka wa chini ulivyo chini: kibaba kimoja na karibu nusu katika 100! Vingine vilivyobaki, karibu 99, ni hewa safi tunayovuta kila siku. Ndiyo maana watu wa Msamvu waliweza kusimama ndani ya mvuke huo wakaongea na kucheka.

Na mvuke huo huja upesi kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ya petroli, ikigeuka yote kuwa mvuke, hupata karibu lita 190. Lita 190 hizo zikichanganyika na hewa mpaka kufika ule mpaka wa chini, hupatikana mchanganyiko wa karibu lita 13,000, yaani mita 13 za ujazo. Mwalimu apime chumba chake cha kulala. Kama kina urefu wa mita 2.5, na upana wa mita 2.5, na kimo kidogo kupita mita 2, basi lita moja tu, chupa moja katika zile zinazopangwa juu ya meza kando ya barabara kwa kuuzia wenye pikipiki, yatosha kukijaza chote mchanganyiko wa kulipuka. Twasema haya kwa kuwa twajua chupa hizo na madumu hayo hulala wapi usiku. Mwuzaji huogopa wezi, akayaingiza uvunguni mwa kitanda; na kandokando ya kitanda kuna mshumaa au koroboi.

Lakini hata lita moja si lazima itoke yote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara 3 au 4. Haupandi kama moshi. Hushuka, ukatambaa sakafuni, ukafuata mitaro, ukakusanyika katika mashimo na mahali pa chini. Mtu akisimama wima huenda asisikie harufu kali, na huku miguu yake imo ndani ya mvuke hata magotini. Tena mvuke hutembea. Waweza kwenda mbali na petroli yenyewe, ukakutana na jiko la mama anayepika, na moto ukarudi kwa njia ileile uliyopita mvuke mpaka kwenye chanzo. Mama yule hakuigusa petroli, wala hakujua kuwa iko.

Watu wa Nairobi walijifunza jambo hili kwa uchungu tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai. Petroli ilivuja kutoka katika bomba kubwa, ikaingia mtaroni, ikatiririka na maji machafu katikati ya nyumba za mabati. Karibu watu mia moja walikufa. Mtaro ndio uliokuwa njia ya mafuta, na ndio uliokuwa njia ya moto. Nasi pia tuna mitaro kando ya barabara ya Kidatu na Ifakara, na karibu kila nyumba iliyo kando ya barabara ina jiko nje.

Sasa turudi kwa fundi na pipa lake, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Hudhani hivi: pipa lililojaa ni hatari, pipa lenye nusu lina nusu ya hatari, na pipa tupu halina kitu. Kwa hesabu ya mipaka miwili mambo yawa kinyume. Katika pipa lililojaa na kufungwa hewa ni kidogo sana, na nafasi ile ndogo iliyo juu ya petroli imejaa mvuke mara kadhaa kupita mpaka wa juu. Cheche ikiingia humo haipati hewa. (Wala hatusemi mtu ajaribu, kwa kuwa mdomoni mwa pipa mvuke hukutana na hewa, na pale kipimo hupatikana.) Lakini pipa likimiminwa yote, likaachwa wazi, hewa huingia na mvuke hutoka kidogo kidogo. Kila siku mvuke wapungua, mpaka unashuka chini ya mpaka wa juu. Hapo ndipo pipa linapokuwa bomu. Na litakaa katika hali hiyo siku nyingi, kwa maana kutu na mikunjo ya chuma huficha petroli na kuitoa polepole.

Je, ni petroli kiasi gani itoshayo? Pipa la kawaida ni lita 200. Ili mvuke ufike mpaka wa chini humo yatosha lita karibu 3 za mvuke, na hizo zatoka katika petroli ya vijiko vitatu vya chai. Vijiko vitatu! Fundi akilipindua pipa na kulitikisa hatasikia hata tone. Atasema ni kavu. Kisha mwali wa kukatia chuma ukigusa, mvuke wote huwaka kwa mara moja, na kwa kuwa hauna pa kwenda, nguvu yake hupanda hata mara 7 au 8 ya ile ya hewa ya kawaida. Bati la pipa haliwezi kuizuia. Kifuniko cha chini hung'oka na kuruka kama risasi ya mzinga, naye fundi kwa kawaida ameinama juu yake.

Mtu aweza kuuliza: vipi pipa la dizeli? Je, hilo si salama, kwa kuwa dizeli ni pole? Hapana. Mwali wa fundi huyapasha joto mabaki yaliyoshika katika kuta za pipa, nayo hutoa mvuke mara moja, palepale unapokata moto. Mafundi wengi wameumia kwa mapipa ya dizeli kwa sababu hiyo, kwa kuwa waliyaamini.

Basi afanye nini? Shauri letu la kwanza ni kutolikata kabisa pipa lililochukua mafuta. Atafute lililochukua kitu kisichowaka. Kama hana budi, na alioshe kwa maji ya moto na sabuni mara nyingi, kisha alijaze maji mpaka karibu sana na mahali atakapokata, akiacha tundu wazi pa kupumulia mvuke wa maji. Maji yakichukua nafasi, mvuke hauna mahali pa kukaa. Kulipuliza kwa mdomo, au kuliacha wazi juma zima, si kulisafisha. Mara nyingi ndiko kulifikisha katika kipimo kibaya.

Kwa mipaka miwili hii twaweza pia kueleza jambo jingine lililowasumbua wengi, habari za koroboi na taa za chemchemi. Mtu hutumia koroboi ya mafuta ya taa miaka 20 bila shida. Usiku mmoja yamlipukia mikononi. Watu husema ni uchawi, au mkono wa adui. Sababu ni hii: mafuta ya taa safi, katika joto la kawaida la nyumba, hutoa mvuke ulio chini ya mpaka wa chini, na kwa hiyo ndani ya koroboi hakuna kinachoweza kulipuka. Petroli tupu, ndani ya chombo kilichofungwa, hutoa mvuke ulio juu ya mpaka wa juu. Lakini mafuta ya taa yaliyochanganyika na petroli kidogo, labda kwa dumu lisilooshwa, labda kwa mwuzaji asiye mwaminifu, hutoa mvuke ulio katikati kabisa. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba petroli kidogo ni hatari kidogo. Dumu la petroli liwe la petroli siku zote, lipakwe rangi ya kulitambulisha, wala lisiingie katika duka la mafuta ya taa.

Kitu kingine kimekuja katika jiko zetu, nacho ni mtungi wa gesi. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, kusudi mpaka mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika bila kuni na mkaa. Twaipokea habari hiyo kwa furaha, tukikumbuka macho ya mama zetu na moshi wao, na misitu ya Udzungwa iliyo juu ya vijiji vyetu. Gesi hiyo ina tabia ya petroli zaidi kuliko tabia ya moshi: ni nzito kuliko hewa, hulala chini, na huwaka ikiwa kati ya sehemu 2 na 9 hivi katika 100. Mtungi mdogo wa kilo 6, ukivuja wote katika nyumba iliyofungwa, watosha kwa mita za ujazo 140, nayo ni nyumba nzima ya vyumba kadhaa. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya imetiwa makusudi kiwandani, ili mtu aisikie mapema kabla gesi haijafika mpaka wa chini. Harufu hiyo ni mlinzi aliyewekwa mlangoni. Mama akiisikia asiwashe kiberiti, wala asibonyeze swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, kwa kuwa swichi hutoa cheche ndani yake. Afunge koki ya mtungi, afungue mlango wote, awatoe watoto. Dirisha la juu halisaidii sana. Mlango husaidia, maana gesi itatoka kwa chini. Na kama atafuta mahali panapovuja, apake povu la sabuni juu ya mpira na koki, atazame mapovu. Tumeona watu wakitafuta kwa njiti ya kiberiti, nao hawakosi kupaona.

Hapa tutoke njiani kidogo, kwa sababu wasomaji wa bondeni watapenda kujua. Wavuvi wa mto Kilombero na wakulima wa mpunga wameona, wakati wa mafuriko yanapopungua, mapovu yakitoka matopeni mtu anapochoma upondo. Hayo ni gesi, iitwayo methani, itokayo katika majani yaliyooza chini ya maji. Mtaliano mmoja, Alessandro Volta, aliikusanya gesi kama hiyo mwaka 1776 katika mabwawa ya ziwa Maggiore, akaona ya kuwa inawaka. Huwaka ikiwa kati ya sehemu 5 na 15 katika 100. Bondeni kwetu haimdhuru mtu, kwa sababu ni nyepesi, karibu nusu ya uzito wa hewa, yapanda na kupotea mara ikitoka majini. Lakini gesi hiyohiyo ikiwa imefungwa, kama katika mashimo ya makaa ya mawe, imewaua wachimbaji wengi. Mwaka 1812, huko Felling katika Uingereza, watu na vijana 92 walikufa katika mlipuko mmoja. Miaka 3 baadaye Humphry Davy akatengeneza taa yenye wavu wa waya, ambayo mwali wake haukuweza kupita nje kuishika gesi, kwa kuwa waya huupokonya joto. Kwa upande wetu, mwenye shimo la choo lililojaa, au mwenye mtambo wa gesi ya samadi, asichungulie ndani kwa kiberiti wala kwa mwenge. Tochi yatosha, nayo iwashwe mbali.

Tumesema mengi juu ya mvuke na kidogo juu ya cheche. Tumefanya hivyo makusudi. Cheche inayoweza kuwasha mvuke ulio katika kipimo ni ndogo mno, hata ile ipatikanayo mtu akivua nguo ya nailoni yaweza kutosha. Waya wa betri unapoachana na chuma, pikipiki inapowashwa, kiberiti cha mvuta sigara, jiko la mama lishe: zote ni zaidi ya kutosha. Watu wakisema tutachota kwa uangalifu, tutakataza sigara, tutaweka mlinzi, twawajibu kwamba mkutano wa watu mia mbili hauwezi kulindwa na cheche. Cheche haizuiliki, kukaa mbali ndiko kunakowezekana.

Basi, mwalimu wetu wa Kisawasawa, na ninyi wa Mang'ula na Kiberege na kote kando ya barabara: magari ya mafuta yaendayo Ifakara yapita mbele ya nyumba zenu. Moja likianguka, msingoje kuona moto. Yeye aliye karibu na asimame mbali barabarani, pande zote mbili, azuie pikipiki na magari yasikaribie, maana mwenye pikipiki yenye kunguruma ndiye analeta cheche. Watu waondoke kwa upande ule upepo utokako, wala wasiende mabondeni wala mitaroni. Majiko yote ya karibu yazimwe kwa mchanga, kama mvuke haujafika. Kama harufu imekwisha kufika, yaachwe na watu waondoke. Polisi na watu wa zimamoto wapigiwe simu na mtu aliye mbali. Dereva akiwa amebanwa ndani, hilo ni jambo zito, wala hatuwezi kumkataza mtu kumwokoa mwenzake. Lakini wawe watu wawili au watatu, si kijiji kizima, na mtu asiguse betri.

Mtu akiwa ameloa petroli, asikaribie moto hata akiisha kufika nyumbani. Nguo zake zaendelea kutoa mvuke. Avue nje, aoge kwa maji mengi, kisha ndipo aingie jikoni. Na aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, asipakwe mafuta wala yai wala dawa ya meno, afunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe zahanati, na kama ameungua sana, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko Ifakara bila kukawia.

Walimu wanaotaka kulisoma somo hili mbele ya watu, twawashauri wafanye baada ya ibada, nje, wakiwa na pipa tupu mbele yao na vijiko vitatu vya maji ndani ya kikombe. Wamwage maji yale ndani ya pipa, kisha wamwite fundi aliyepo alitikise na kuwaambia watu kama asikia kitu.